Kibuyu Kisicho Kibuyu: Kusimulia Darasani Ngano za Zimwi Linalojificha

Katika ngano za watu wetu yapo mazimwi ya namna mbili. La kwanza ni zimwi linaloonekana. Lina mdomo mpana au jicho moja, na kila alionaye hukimbia. La pili ni zimwi linalojificha. Hili hukaa jikoni, mlangoni au uvunguni mwa kitanda likiwa na sura ya chombo kinachojulikana na kila mtu, nalo hungoja mkono wa mwenye nyumba. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakusema lolote juu ya zimwi ambalo wewe mwenyewe hulijui.

Makala haya yanahusu zimwi hilo la pili, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyopaswa kulisimulia. Nimeyaandika kwa ajili yenu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Ngano ya aina hii ni tamu, haihitaji zana za gharama, na kwa hiyo wengi wenu mtaichagua. Yafaa mjue kwanza yaliyonipata mimi nilipokuwa msimamizi.

Somo lililopendeza

Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo katika shule moja ya msingi, si mbali na mji wa Bunda. Alikuwa akifundisha Kiswahili Darasa la Pili, na andalio lake la somo lilionyesha kuwa atasimulia ngano. Juu ya meza aliweka kitu kilichofunikwa kwa kitambaa. Alipofika katikati ya masimulizi alikifunua, na kumbe ni kibuyu cha maziwa, kama vile vilivyomo katika nyumba nyingi za Mara. Akakipa sauti kutoka kooni mwake. Kibuyu kikaomba nyama, kikapewa, kikaomba tena, kikameza mbuzi, kikameza ng'ombe, kikameza mji mzima. Watoto walitulia kama maji ya mtungini. Katika daftari langu niliandika: "Zana imetumika vizuri sana."

Siku mbili baadaye nilirudi katika shule ile. Kila asubuhi bibi mmoja alikuwa akipita kando ya uwanja na kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani, akiwapelekea walimu wanaokaa jirani. Asubuhi ile watoto wa Darasa la Pili walipomwona walipiga kelele na kutawanyika. Mmoja alirusha jiwe. Jiwe lilikipata kibuyu, nayo maziwa yakamwagikia mabegani mwa bibi yule.

Jioni mwanachuo na mimi tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha viti. Tulipotaja kulipa gharama ya maziwa alitikisa kichwa.

"Mwanangu," aliniambia, "maziwa hupatikana tena. Lakini hao watoto nilikuwa nawapita kila siku wakiniamkia. Kesho nitapita wapi?"

Nilirudi nikasoma tena maneno niliyoandika katika daftari. Kosa lilikuwa la mwanachuo kwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ilikuwa yangu, kwa sababu nilikagua sauti, zana na ubao, lakini sikujiuliza hofu ile itakwenda wapi kengele ikisha kulia.

Asili ya ngano hii

Ngano aliyosimulia mwanachuo yule haikuzaliwa Mara. Ni ya Usambaa, mkoani Tanga. Alice Werner, Mwingereza aliyefundisha Kiswahili mjini London, aliiweka katika kitabu chake cha visa vya Wabantu kilichotolewa mwaka 1933. Humo hakuna kibuyu cha jikoni, bali boga la shambani. Watoto waliokuwa wakicheza wanaliona na kushangaa ukubwa wake, na boga linawajibu. Baadaye linazidi kukua, linameza watu wote, na anasalia mwanamke mmoja tu. Mwanamke huyo anazaa mtoto wa kiume, naye anapokuwa mkubwa analiua boga kwa mishale na kulipasua, na watu waliomezwa wanatoka.

Mwanachuo alibadili boga kuwa kibuyu. Kwa upande wa ufundi badiliko hilo halina lawama, maana vyuoni tunafundisha kwamba mwalimu aanze na kilicho karibu na mtoto. Hata hivyo, boga la shambani hubaki shambani, lakini kibuyu humfuata mtoto mpaka mahali anapokula na kulala. Zimwi likishaingia nyumbani, mwalimu hayupo tena kulitoa.

Ngano za namna hii zimeenea mbali. Huko Japani husimuliwa habari za mnyama wa porini aitwaye tanuki, ambaye alijigeuza birika la chai. Birika hilo lilipowekwa motoni liliota miguu na mkia, likaruka. Na katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kubuni ulioanza nchini Marekani mwaka 1974, yumo kiumbe anayejifanya sanduku ili amnase yeyote atakayeligusa. Mataifa haya hayakuigana. Kila taifa liligundua kwa njia yake kwamba chombo cha kila siku ndicho ambacho macho yetu yameacha kukitazama.

Nasi wa Mara tunao mfano ulio karibu, ingawa hauna zimwi ndani yake. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alifasiri mchezo wa Shakespeare na kuuita *Mabepari wa Venisi*, uliotolewa mwaka 1969. Ndani yake wachumba wanatakiwa kuchagua kati ya visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Aliyechagua dhahabu anakuta fuvu. Picha ya mchumba imo katika risasi. Funzo ni lile lile la kibuyu: sura ya chombo haisemi kilichomo. Tofauti ni kwamba mchezo ule huwafundisha watu wazima kufikiri, ilhali ngano ile, isiposimuliwa kwa uangalifu, huweza kuwafundisha watoto kurusha mawe.

Mtoto na vitu visivyo na uhai

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyofikiri, alieleza kwamba mtoto mdogo huvipa uhai vitu visivyo na uhai. Kwake jua humfuata, na jiwe lililomkwaa limemwonea. Mtoto wa Darasa la Kwanza au la Pili hajaiacha kabisa hali hiyo. Anapoambiwa kwamba kibuyu kilinena, hachukui habari hiyo kama mfano. Anaichukua kama taarifa.

Tena hofu ikisha kuingia huenea kwa vitu vinavyofanana. Waswahili husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukoo wa mkeka na kamba, si wa nyoka. Lakini macho yenye hofu hayangoji kuhakikisha. Watoto wa shule ile hawakukiona kibuyu cha ngano kichwani mwa bibi. Waliona kibuyu tu, na hiyo iliwatosha. Kisha, kwa kuwa kibuyu kilibebwa na mtu, mtu naye akaingizwa katika hofu hiyo.

Panzi wa Masala Kulangwa

Dawa ya hofu hii imo katika ngano zenyewe. Jirani zetu Wasukuma, ambao wengi wao wanaishi pia wilayani Bunda, wanasimulia habari za zimwi Shing'weng'we, lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito, naye alimzaa Masala Kulangwa. Kijana huyo alipoambiwa yaliyotokea aliazimia kulitafuta zimwi. Siku ya kwanza alirudi na panzi, akamwambia mama yake kwamba ameliua Shing'weng'we. Mama alimjibu kwamba huyo ni panzi tu. Siku nyingine alirudi na ndege, akajibiwa kwamba huyo ni ndege. Aliendelea hivyo, akileta mawindo makubwa zaidi, hata siku alipolikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua.

Mwanachuo, mtazame mama huyo kwa makini. Hakumcheka mwanawe, wala hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba mazimwi hayapo. Kila mara alikitazama kilicholetwa na kukitaja kwa jina lake halisi. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Mtoto anayekuja na kibuyu akidai ni zimwi analeta panzi wake. Kazi yetu ni kukichunguza pamoja naye, na kukiita kwa jina lake.

Hatua za somo

Kutokana na mambo hayo, ningependekeza hatua tano. Zinafaa kuanzia Darasa la Tatu. Kwa madarasa ya chini ni heri kuchagua zimwi linaloonekana, lisilo na sura ya chombo chochote.

*Hatua ya kwanza: vitendawili.* Anza kwa kutega vitendawili vya vyombo vya nyumbani, kisha waache watoto watege vyao. Katika kitendawili chombo huvaa sura ya kiumbe, na katika ngano hii kiumbe huvaa sura ya chombo. Mtoto aliyezoea kutegua kitendawili ameshajua kwamba sura inaweza kudanganya, na kwamba kufikiri hufichua. Anaingia katika ngano akiwa na ufunguo mkononi.

*Hatua ya pili: kuchagua chombo.* Usitumie chombo ambacho mtoto hukutana nacho gizani peke yake, wala chombo kinachojulikana kijijini kuwa cha mtu fulani. Musoma mjini, karibu na ziwa, waweza kutumia tenga la samaki. Bunda, gunia la pamba. Butiama, jiwe la kusagia. Uliza kwanza ni nani hukitumia. Mwanachuo wangu angeuliza swali hilo moja tu, asingesahau kuwa yupo bibi apitaye na kibuyu kila asubuhi.

*Hatua ya tatu: kusimulia.* Simulia kwa ufundi wako wote. Usiipunguze ngano makali kwa kuogopa watoto wataogopa. Ngano isiyo na hatari haina funzo. Ila fika mwisho katika kipindi hicho hicho. Zimwi lisiachwe hai kengele inapolia, kwa maana mtoto atakwenda nalo nyumbani.

*Hatua ya nne: kuchunguza.* Kiweke chombo halisi mbele ya darasa. Watoto wakishike, wakinuse, wakipime uzito, watazame ndani. Waulize: Chombo hiki kimetengenezwa na nani? Kwa kitu gani? Tutajuaje kama kina uhai? Je, kinakula, kinapumua, kinakua? Hapa somo la Kiswahili linakutana na la Sayansi. Waweza kuwaeleza kwamba wapo viumbe halisi wanaojificha kwa kufanana na vitu, kama kinyonga abadiliye rangi, au mdudu aliye na umbo la kijiti kikavu. Lakini viumbe hao wakichunguzwa hujulikana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa kibuyu.

*Hatua ya tano: kutunga.* Kila mtoto atunge ngano fupi ya chombo cha kwao, na humo aeleze shujaa alijuaje kwamba chombo si chombo. Jibu la swali hilo ndilo la kusahihishwa kwa makini kuliko yote. Mtoto akiandika, "Alijua kwa sababu mwenye chombo ni mzee," mwite uzungumze naye kabla hujamrudishia daftari.

Tulichofanya Bunda

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, tulimwomba bibi aje darasani. Alikuja na vibuyu viwili. Watoto walisimama wakamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Wa mbele walirudisha madawati nyuma kidogo. Aliwaonyesha kibuyu kibichi, kisha kikavu. Akawaeleza jinsi kinavyotobolewa mdomo, kinavyojazwa maji ili nyama ya ndani ioze, kinavyokung'utwa mbegu, kinavyosuuzwa na kuanikwa, na mwisho kinavyofukizwa ili maziwa yasiharibike.

Ndipo mtoto mmoja alipoweka sikio kwenye mdomo wa kibuyu kitupu, akashtuka na kusema, "Mwalimu, kinanguruma!" Darasa zima likanyamaza. Mwanachuo alinitazama. Nilimwashiria aendelee.

Hakukanusha. Aliweka sikio lake naye, akasema, "Ni kweli, nami nasikia." Kisha akawatuma watoto walete kopo, birika na mtungi. Kila chombo kilizungushwa darasa zima, na kila chombo kilinguruma. Watoto wenyewe walitoa neno la mwisho: vyombo vitupu vyote huvuma vikiwekwa sikioni. Mwanachuo akaeleza kwamba hewa iliyomo ndani hutikiswa na sauti ndogo ndogo zilizotuzunguka. Panzi alikuwa ameitwa panzi. Siku hiyo nilijifunza kwamba ushahidi unaoelekea kuliunga mkono zimwi haufai kufichwa. Unafaa kupimwa mbele ya wote.

Mpaka usiovukwa

Kanda yetu ya ziwa ina historia ya huzuni ambayo kila mwalimu anapaswa kuikumbuka anapofungua mdomo kusimulia. Wazee wengi, hasa wanawake, wameshutumiwa uchawi na hata kuuawa. Baadhi yao walishukiwa kwa macho mekundu tu, ilhali macho hayo ni matokeo ya kukaa miaka mingi katika moshi wa jiko. Mtu huyo ametazamwa kama chombo cha ngano: nje bibi, ndani zimwi. Hilo ndilo wazo la ngano yetu likiwa limevuka mpaka wake.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii bila kuilegeza: katika ngano za darasani zimwi laweza kujificha katika chombo, lakini lisijifiche kamwe katika sura ya mzee, ya jirani, ya mgonjwa wala ya mlemavu. Ngano nyingine za zamani zinafanya hivyo. Hizo ziachieni wanafunzi wakubwa, wawezao kujadili kwa nini zilitungwa hivyo.

Katika masimulizi ya Masala Kulangwa, kijana alipolipasua zimwi kisu chake kilikata sikio la bibi mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi akawaka hasira, akataka kumwendea kijana kwa uchawi. Watu walimlinda kijana, kisha wakatafuta dawa ya kumponya bibi. Mkifika hapo, simameni kidogo muulize darasa: Bibi alikuwa na hasira kwa nini? Watoto watajibu, kwa sababu aliumizwa. Na watu walifanya nini? Walimtibu.

Hatari zilizomo kweli chomboni

Uchunguzi tunaowafundisha watoto una kazi nyumbani. Katika nyumba nyingi mafuta ya taa huwekwa katika chupa ya soda. Wakulima wa pamba wa Bunda huweza kubakiwa na dawa ya kuulia wadudu, ikatiwa katika chupa ya maji. Huko Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu. Ni kimiminika kizito king'aacho kama fedha, nacho humvutia mtoto kukichezea. Zebaki ni sumu, na mvuke wake ukichomwa ni sumu zaidi.

Hapo ndipo ngano inapodai malipo yake. Mtoto aliyezoea kuuliza "Kilichomo ndani ni nini, na nimejuaje?" hatainua chupa ya soda mezani akanywa kwa sababu tu ni chupa ya soda. Atanusa, atauliza mkubwa, atangoja. Mtoto aliyefundishwa kuogopa tu atamkimbia bibi wa maziwa, kisha atarudi nyumbani na kunywa mafuta ya taa.

Bibi yule aliendelea kupita kando ya uwanja. Mara ya mwisho nilipokwenda pale, watoto wawili walikuwa wakimsindikiza, mmoja akiwa amekibeba kibuyu kwa mikono miwili na kukiweka sikioni kila baada ya hatua chache.

Mazoezi

1. Waulize wazee wa kwenu, wawe Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wajaluo au Wasukuma, wakusimulie ngano moja yenye kitu kinachonena. Iandike kama ulivyoisikia, bila kuipamba.

2. Tunga andalio la somo la ngano hiyo kwa Darasa la Tatu ukifuata hatua tano zilizoelezwa. Onyesha wazi ni nani kijijini hukitumia chombo ulichokichagua.

3. Jadilini katika vikundi: mtoto akikuambia kwamba ameliona zimwi nyumbani kwao, utamjibu nini, na utakwenda kutazama nini pamoja naye?